UCHAMBUZI: Kilo zahesabiwa, nguvu za misuli zasahaulika

VITA dhidi ya unene wa kupindukia nchini vimegeuzwa kuwa vita vya mizani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2014 ulibainisha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzani uliozidi kiasi. Wengi hukimbilia kujinyima chakula.

Anayekonda kwa njaa hupoteza mafuta pamoja na misuli, na mizani haitofautishi. Ilhali nguvu za mtu mnene, zikilinganishwa na mzigo ambao magoti yake hubeba, tayari huwa haba anapoinuka kitini au kupanda ngazi.

Ndipo yoga, ambayo hapa nchini hudhaniwa kuwa anasa ya matajiri, inapostahili kutazamwa upya. Haihitaji vyuma: uzito wa mwili wenyewe ndio mzigo, na asiyeweza kuinama huanza kwa kushika kiti au ukuta.

Mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza watu wazima waimarishe misuli angalau siku mbili kwa wiki. Kujinyoosha kwa upole, basi, hakutoshi. Sharti mapaja na mabega yachoke. Naye mwenye shinikizo la damu aepuke mikao ya kuinamisha kichwa hadi daktari amruhusu.