Mashini Ikikosea Mara Moja Moja, Mtu Asirudishwe Mikono Mitupu

LIKASI – Kuna maneno ambayo familia zilizokimbia vita zimeyazoea kwenye mstari wa msaada: «Mama, mashini imekukataa.» Mama ameweka kidole, taa imewaka nyekundu. Mwezi uliopita kidole hichohicho kilipita. Jirani aliye nyuma yake anapita bila shida. Mama akijaribu tena baadaye, pengine kinapita. Pengine hakipiti, na anarudi nyumbani bila unga. Aliyeshika mashini anasema vidole vimechakaa. Kwenye mstari watu wanaanza kunong'ona kwamba huenda jina si lake. Fundi akiitwa, anaizima mashini, anaiwasha, inafanya kazi. «Haina shida,» anasema, na kazi inaendelea.

Hilo neno la fundi ndilo linalofaa kuchunguzwa. Mashini kufanya kazi mbele ya fundi si ushahidi kwamba ni nzima. Yako makosa yanayokuja na kuondoka, na haya ni mabaya kuliko kifo cha mashini, maana mashini iliyokufa kila mtu anaiona, lakini inayokosea mara moja kati ya elfu inamwachia lawama yule aliyesimama mbele yake.

Ni kweli sababu ni nyingi. Kuna vumbi la barabara za Kikula na Panda, kuna waya uliolegea, kuna umeme wa SNEL unaopanda na kushuka. Na kweli, mtu aliyelima, aliyevunja mawe au aliyeosha madini miaka mingi, mistari ya vidole vyake hufutika. Lakini kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana hapa: prosesa, yaani ule ubongo wa mashini.

Prosesa si za namna moja. Kompyuta nyingi za biro zina prosesa za ukoo wa Intel na AMD. Simu na tableti karibu zote zina prosesa za ukoo wa Arm. Programu ileile inaweza kutayarishwa kwa koo zote mbili, na kwa macho inaonekana ni kitu kimoja. Ila ndani, koo hizi mbili hazifuati utaratibu uleule wa kazi.

Chukua mfano wa depo mbili za unga. Kila depo ina mtu wa kujaza mfuko na kengele ya kuita watu. Kwenye depo ya kwanza sheria ni moja: mfuko ujazwe, ufungwe, ndipo kengele ilie. Kwenye depo ya pili, ili kazi iende mbio, kinachokuwa tayari kwanza kinafanywa kwanza. Kengele inaweza kulia wakati mfuko ungali wazi. Siku nyingi hakuna anayeona tofauti, kwa sababu mpaka mtu afike, mfuko umeshajaa. Siku moja anakuja mwenye mbio, anachukua mfuko, anakuta umejaa nusu. Akirudi kulalamika, mifuko yote imeshafungwa, na hakuna anayemwamini.

Ndivyo ilivyo ndani ya mashini. Prosesa za leo zina viini kadhaa vinavyofanya kazi pamoja. Kiini kimoja kinaandika picha ya kidole kwenye kumbukumbu, kisha kinaandika alama ya kusema «tayari». Kwenye ukoo wa Intel, viini vingine vinaona maandishi hayo kwa utaratibu uleule yalivyoandikwa. Kwenye ukoo wa Arm, sheria inaruhusu alama ya «tayari» ionekane kabla ya picha, isipokuwa kama mtunga programu ameweka kizuizi cha kulazimisha utaratibu. Mtunga programu aliyesahau kizuizi hicho anaweza kujaribu kazi yake kwenye kompyuta ya Intel miaka yote asione kosa. Programu hiyohiyo ikiwekwa kwenye tableti, siku moja kiini cha pili kinasoma nusu ya kidole cha mama na nusu ya kidole cha yule aliyemtangulia. Hapo hakuna kidole duniani kitakacholingana. Sekunde moja baadaye kila kitu kiko sawa.

Hili si jambo la kubuniwa. Kampuni ya Apple ilipoanza kuacha prosesa za Intel mwezi wa Novemba 2020 na kuweka zake za ukoo wa Arm, iliingiza ndani ya chipu njia ya pekee ya kufuata utaratibu wa Intel, ili programu za zamani zisiharibike. Wenye mali nyingi walilijua tatizo wakalilipia. Je, anayetengeneza mashini ya bei nafuu ya kuandikisha wakimbizi amefanya vilevile? Hilo ni swali la haki kumuuliza.

Na mtu asidhani kwamba kwa wenzetu wa Ulaya hayatokei. Tarehe 18 Mei 2003, huko Schaerbeek, Brussels, Ubelgiji, watu walipiga kura kwa kompyuta. Mgombea mmoja akapata kura zaidi ya zile zinazowezekana. Kadi za wapiga kura ziliposomwa upya, tofauti ilikuwa kura 4096 kamili. Kwenye programu hakukuonekana kosa, na mashini haikurudia. Maelezo yaliyobaki ni kwamba alama moja tu ndani ya kumbukumbu iligeuka yenyewe, labda kwa chembe iliyotoka angani. Sababu hiyo ni tofauti na ile ya prosesa, lakini funzo ni lilelile: kosa lilijulikana kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuhesabu upya. Hata mashini za kupigia kura zilizotumiwa na Wakongomani tarehe 30 Desemba 2018 zilichapisha chaguo la mtu kwenye karatasi, na karatasi ikaingia sandukuni. Kama kura inastahili karatasi, chakula cha watoto kinastahili pia.

Kwa hiyo wanaogawa msaada na wanaoandikisha watu wafanye mambo manne, na hakuna lililo gumu. Kwanza, pembeni ya kila mashini iwepo orodha ya karatasi, na shefu wa kartie au mjumbe wa wakimbizi athibitishe mtu aliyekataliwa; apewe haki yake siku hiyohiyo. Pili, kidole kilichokataliwa kijaribiwe kwenye mashini nyingine kabla ya kusema neno lolote juu ya mwenye kidole. Tatu, kila kosa liandikwe kwenye daftari: saa, namba ya mashini, ilivyotokea. Kosa linalokuja na kuondoka halikamatwi kwa kuzima na kuwasha. Linakamatwa kwa daftari, likionyesha kwamba mashini fulani inakosea kuliko wenzake. Nne, anayenunua mashini amdai muuzaji ushahidi kwamba programu ilijaribiwa kwenye prosesa ileile itakayotumiwa uwanjani, kwa maelfu ya vidole.

Watasema daftari linachelewesha kazi. Linachelewesha dakika mbili. Mama aliyerudishwa bila unga anachelewa mpaka mgao ujao, na sifa yake kwa majirani inaweza isirudi kamwe.

Shaba inayotoka Katanga, na iliyosafishwa Shituru tangu wakati wa wakoloni, ni ndugu ya shaba inayotengeneza waya ndogo ndani ya chipu za leo. Wakaaji wa Likasi, na wageni waliopokelewa humu, hawaombi upendeleo wakisema mashini nayo iulizwe. Mtu na mashini wakikosana, mashini ichunguzwe kwanza, na mtu ale.