Siti ya Mbele Haina Sura ya Staa

Kuna staa mmoja hapa mjini, jina kapuni. Akipanda ndege tu, lazima mji mzima uone miguu imenyooshwa siti ya mbele, glasi mkononi. Sawa, pesa yake.

Ila nyuma yake kwenye foleni kuna mama wa Kariakoo, dera na ndala, anafuata mzigo Guangzhou. Naye kakata daraja la biashara, na biashara kweli anayo, duka lipo Mtaa wa Kongo. Kinachouma ni pale staa anapopewa "karibu sana" na tabasamu, halafu mama anakaguliwa tiketi mara mbili.

Wahudumu wa ndege wasitukanwe. Kazi yao ya kwanza ni usalama: kuzima moto, huduma ya kwanza, kutoa watu nje haraka. Ndege kubwa ya abiria hairuhusiwi kuruka mpaka ithibitishwe kwamba inaweza kuachwa tupu ndani ya sekunde 90. Hapo hakuna mchezo.

Lakini heshima nayo inafundishika. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua Dar Julai 2018, ina siti 262, na za daraja la biashara ni 22 tu. Watu 22 hata mama ntilie wa Gerezani anawajua kwa majina na nani hali pilipili!

Anayerudi kila msimu wa mzigo ni yule mama. Staa mwenyewe pengine kalipiwa. Wadau, mnasemaje?