Pikipiki Haiwaki? Anza na Plagi, Si na Pochi

Wasee wa boda, tuongee ukweli. Pikipiki kuukuu ikikataa kuwaka asubuhi hapa Nyalenda, kitu cha kwanza kuguswa si plagi. Ni simu. Unampigia fundi, anakuja, anaisikiliza kidogo, halafu anatoa hukumu: "Kabureta imekufa." Unanunua kabureta. Kesho yake unapiga kiki 20 na bado imenyamaza. Sasa anasema ni koili. Keshokutwa ni CDI. Wiki ikiisha umelipia spea tatu na shida ni ile ile.

Huo si ufundi, ni kamari. Na anayecheza ni fundi, lakini doo ni zako.

Kwa msee wa stage pale Ring Road, asubuhi ndiyo pesa. Watoto wanapelekwa shule, mama wa samaki anakimbia Dunga, watu wa kazi wanaenda tao. Pikipiki ikilala hadi saa nne, saa nzuri zimeenda. Na mwenye pikipiki, au waliokupa mkopo, hawajui neno "haikuwaka". Jioni wanataka yao.

Injini ya petroli inataka vitu vitatu ili iwake: mafuta, cheche, na hewa iliyobanwa vizuri. Iwe Boxer ya namba za KMC au TVS iliyochoka, ni hivyo tu. Kwa hivyo uliza kwa mpangilio, ukianza na cha bure.

Kwanza, swichi nyekundu ya kuzima injini iko wapi? Usicheke, mtoto anaweza kuwa aliibonyeza jana. Kisha mafuta. Hakikisha koki ya tangi iko wazi, ujaribu na upande wa rizavu. Chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta: petroli ikishuka vizuri, tangi halina kesi. Ikishuka kwa matone, legeza kifuniko cha tangi. Ikianza kutiririka, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Halafu fungua skrubu iliyo chini ya kabureta, mwaga mafuta kidogo kwenye chupa safi uangalie. Maji hukaa chini, petroli juu. Ukinunua mafuta ya chupa kando ya barabara, hapo ndipo utajua ulinunua nini.

Pili, plagi. Ifungue uisome. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Nyeusi kavu kama masizi: petroli ni nyingi au hewa ni kidogo. Nyeusi ya oili: injini inakula oili, na hapo kununua plagi mpya ni kupaka rangi nyumba inayovuja. Ikiwa imelowa petroli, ikaushe, zima choki, vuta moto hadi mwisho na upige kiki kadhaa. Kupima cheche, rudisha plagi kwenye kepu yake, gusisha chuma chake kwenye injini mbali na lile tundu, kisha piga kiki. Petroli isiwe imemwagika karibu. Cheche ya bluu yenye nguvu ni sawa. Ikiwa hafifu au haipo, jaribu plagi nyingine, kisha kepu, kabla mtu hajataja CDI. Wakati wa mvua matope yetu huingia kwenye kepu, na kuikausha ni bure.

Tatu, hewa. Vumbi la mtaa linaziba eya klina. Ikishakuwa safi na bado haiwaki, sikiliza kiki. Ikishuka laini bila kukupinga, kompresheni imepotea. Kwa pikipiki ya zamani, shida inaweza kuwa tapeti zilizokaza hadi vali hazifungi vizuri. Kuzirekebisha ni kazi ya muda mfupi kwa fundi anayejua. Ringi zikiwa zimeisha, hapo ndipo unaanza kupanga pesa.

Najua kuna atakayesema, "Omera, unawaharibia mafundi kazi." Hapana. Fundi anayepima hana cha kuogopa, na mtaa huu unao wazuri. Anayeumia ni yule anayeishi kwa sisi kutojua. Mimi niliachia chuo katikati, kwa hivyo sitamwambia mtu karatasi ndiyo akili. Lakini kutosoma chuo si sababu ya kutoijua mashine inayokulisha. Vijana tunaweza kueleza penalti ya juzi kwa saa nzima, halafu hatujui plagi ya pikipiki yetu ina rangi gani.

Fundi akisema spea imekufa, muulize: "Umepimaje?" Akibadilisha, mwambie akupe ile ya zamani uende nayo. Akikasirikia maswali hayo mawili, peleka pikipiki kwa mwingine.