HAWAKUKOSA HABARI, WALIKOSA NIA

Kila ufikapo mwezi wa Aprili, wakuu wa mataifa makubwa hutamka kwamba mauaji ya kimbari kama yale ya Rwanda kamwe hayatarudiwa. Maneno hayo ni mema. Lakini yatupasa tuulize: waliokuwa na uwezo wa kuyazuia mwaka 1994 walizuiwa na nini?

Hawakukosa habari. Tarehe 11 Januari 1994 Jenerali Dallaire, kamanda wa majeshi ya Umoja wa Mataifa nchini Rwanda, alipeleka simu ya maandishi New York kuarifu kuwa silaha zimefichwa na Watutsi wanaorodheshwa. Aliamriwa asizikamate. Wala hawakukosa askari na ndege. Mauaji yalipoanza, askari wa Ufaransa na Ubelgiji walifika Kigali, wakawachukua wageni, wakaondoka. Tarehe 21 Aprili Baraza la Usalama likaamua kulipunguza jeshi lake hadi watu 270. Watu wapatao 800,000 waliangamia katika siku 100.

Kilichokosekana ni nia. Marekani, iliyopoteza askari 18 mjini Mogadishu mwaka 1993, haikutaka kupoteza mwingine katika nchi isiyokuwa na faida kwake. Wakubwa wakalikwepa hata neno lenyewe, kwani Mkataba wa 1948 unawapa waliouridhia wajibu wa kuzuia maangamizi hayo. Na serikali iliyokuwa ikiwaua raia wake ilikuwa na kiti ndani ya Baraza hilo hilo.

Hata hivyo, tusiwatupie mabeberu lawama zote. Afrika nayo iliigeuza kanuni ya kutoingilia mambo ya ndani kuwa ngao ya madhalimu. Tanzania ilipovamiwa na kisha kumng'oa Amin mwaka 1979, wapo wakuu wa Afrika walioilaumu. Mwaka 2000, mjini Lomé, Afrika ilijirekebisha: Kifungu cha 4 cha Sheria ya Kuanzisha Umoja wa Afrika kinaupa Umoja huo haki ya kuingilia kati penye mauaji ya kimbari.

Sheria, basi, tunayo. Sisi wa visiwani, ambao hatuna mafuta ya kuwavuta wakubwa wala majeshi ya kuwatisha, ndio wenye haja kubwa zaidi ya kuona inatekelezwa. Twawataka viongozi wetu waidai katika kila kikao cha Umoja huo, tena mapema, chuki inapoanza kuhubiriwa redioni, si makaburi yakisha kuchimbwa. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.