Spea ya Mtumba Isinunuliwe kwa Macho

Mwezi uliopita, katika stendi ya Sumbawanga, tulilikuta gari moja la abiria, Toyota HiAce, limeinuliwa juu ya mawe, na dereva wake ameketi kando, sahani ya klachi mkononi. Sahani hiyo ya mtumba alikuwa ameinunua Mbeya, mwendo wa zaidi ya kilomita 300, kwa akiba yake mwenyewe. Upana wake ulikuwa sawasawa na wa ile ya zamani. Lakini meno ya tundu la katikati hayakulingana na ya shafti ya giaboksi, nayo ikakataa kuingia. Muuzaji alipopigiwa simu alijibu kwamba mali ikitoka dukani hairudi. Mwenye gari naye alitaka hesabu yake ya jioni kama kawaida.

Twauliza: hasara hiyo ilimwangukia nani? Haikumwangukia muuzaji, wala mwenye gari. Ilimwangukia mfanyakazi, ambaye ndiye mwenye kifuko chembamba kuliko wote watatu.

Hatuwalaumu wanunuao mtumba. Spea mpya ya asili ni ghali, na mara nyingi ile iliyotolewa katika gari la Japani hudumu kuliko mpya ya kuigiza. Tunacholaumu ni desturi ya kwenda dukani na chuma kibovu na kusema, "Nipe kama hiki."

HiAce ni jina moja, lakini magari yake ni mengi. Katika yale ya dizeli ya zamani, injini ya 2L ina silinda zenye upana wa milimita 92, ya 3L milimita 96, na ya 5L milimita 99.5. Kwa macho zafanana kama ndugu wa tumbo moja. Lakini gasketi ya 2L ikiwekwa juu ya 3L, ukingo wake utachungulia ndani ya silinda na kuungua. Basi namba ya injini isomwe kwenye injini yenyewe, kwa kuwa huenda ilikwisha badilishwa kabla gari halijamfikia mwenye nalo wa sasa. Kisha kisomwe kibao cha chuma cha gari, ambacho Toyota huandika juu yake namba ya chasisi na alama za injini, giaboksi na ekseli. LH, RZH na KZH si mapambo: herufi za mwanzo hutaja jamii ya injini ambayo gari lilizaliwa nayo.

Difu nayo yahesabiwe meno. Katika gari livutalo kwa magurudumu manne, difu ya nyuma isiyolingana na ya mbele itashindana nayo mpaka kitu kivunjike. Tena muuzaji aulizwe spea imetoka katika gari la nchi gani. Taa ya mbele ya gari la nchi zipitazo upande wa kulia, kama Falme za Kiarabu, huinua mwanga wake upande wa kulia. Ikifungwa hapa kwetu itampofusha dereva ajaye mbele yako usiku katika barabara ya Tunduma.

Kuhusu breki hatutaki masihara. Yeyote aliyeshuka kutoka Ntendo kwenda Muze, uwanda wa Ufipa ukiwa nyuma yake na Bonde la Rukwa chini ya miguu yake, anajua kwa nini. Pedi na mipira ya breki isinunuliwe mtumba kabisa, hata ikilingana namba zote.

Wazee wa Ufipa waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo yaliyopita kimo cha mtu, ilungu, tangu kabla ya Mjerumani kufika. Hatuamini kwamba wajukuu wao hawawezi kusoma namba iliyogongwa juu ya chuma.

Lakini kumwelekeza dereva peke yake si haki. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, yataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Asemaye "kama hiki" amejinyima silaha. Aliyeandikiwa katika risiti "sahani ya klachi ya injini ya 3L," pamoja na namba ya chasisi, anayo hoja ya kusimamia. Twawataka wenye maduka waandike hivyo, na wakubali kurudishiwa spea isiyoingia, ikiwa haijaharibiwa. Twawataka wenye magari wabebe gharama za spea, badala ya kuzikata katika ujira wa dereva. Na wenzetu wa mashina ya wakereketwa yaliyo karibu na stendi na gereji walichukue jambo hili katika mkutano wao ujao, wawaite wauzaji na wenye magari, na risiti zenyewe ziwekwe mezani.