Mkono Uguswe Kwanza, Simu Ifuate

Siku hizi mashirika yamepata dawa ya kila kitu: simu. Una malalamiko? Piga namba ya bure. Unataka habari? Ngoja ujumbe. Sasa na mkono ulioumia, eti utapona kwa video. Mimi sikatai video. Ninachokataa ni video kugeuzwa kisingizio cha kutomgusa mkimbizi.

Hapa Carama, sisi Wakongomani tulio wengi tunakula kwa mikono: cherehani, kusuka nywele, useremala, kufulia watu nguo. Mgao wa chakula wa kambini haufiki mjini. Kidole kimoja kikikataa kukunjika, nyumba nzima inalala njaa. Kwa hiyo habari ya kine si anasa, ni habari ya sufuria.

Wanaotetea video wana hoja, tusiifiche. Mtu wa kambi ya Kavumu au Bwagiriza akitaka kuja kwa kine Bujumbura, ni safari ya kuvuka nchi. Hata sisi wa mjini, esansi ikikosekana basi hakuna, na Machi 2022 pikipiki na bajaji zilikatazwa kuingia katikati ya jiji. Mwenye mkono kwenye atele atatembea kwa miguu mara ngapi? Hapo video inasaidia kweli. Kine anaona kama ngumi inafunga, vidole vimebakiza nafasi gani kufika kiganjani, kama mkanda wa atele unabana hadi ncha za vidole zinabadilika rangi. Anasahihisha zoezi palepale.

Lakini kuna mambo kamera haiyajui. Haihisi joto la uvimbe. Haijui kovu limenata kiasi gani. Kidole kikigoma kukunjika, kine hukikunja kwa mkono wake mwenyewe: kikikubali, shida huenda iko kwenye kano au kwenye nguvu ya msuli, kikikataa hata kwake, huenda kiungo chenyewe kimekakamaa. Matibabu yake ni tofauti. Na kano iliyoshonwa haina subira: usipoisogeza mapema inashikamana na kovu, ukiivuta kwa nguvu mapema inakatika tena. Mpaka kazi nzito iruhusiwe, kwa kawaida ni kama wiki 12. Wiki za mwanzo ndizo zinazoamua, na ndizo hizo mgonjwa anaambiwa, "Tutakupigia."

Jirani yangu, fundi cherehani, alishonwa kano, akapewa namba ya WhatsApp badala ya miadi. Simu kaishika kwa mkono mzima, na zoezi lenyewe linataka mkono mzima usaidie ule mgonjwa. Sasa atashika nini, aache nini? Kine anaongea Kifaransa, mkalimani ni mtoto wa darasa la sita. Katikati ya zoezi, mega zikaisha. Kwenye ripoti, nina hakika, hiyo imehesabiwa kuwa huduma iliyotolewa.

Kwa hiyo ninyi wa mashirika, tunataka mambo manne. Mara ya kwanza mgonjwa aonwe ana kwa ana na atele itengenezwe kwa kipimo cha mkono wake. Usafiri mlipe ninyi. Mega mlipe ninyi pia, maana hamwezi kuokoa nauli kwa kutupa sisi bili. Awepo mtu aliyefundishwa, hapa mtaani na katika kila kambi, wa kushika simu na kutafsiri kwa Kiswahili. Na mambo yakiharibika, uvimbe ukizidi au kidole kikigoma ghafla, mgonjwa aitwe kituoni siku hiyohiyo, asipangiwe video nyingine.

Msituambie ni mengi. Mei 2023 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio kwamba urekebishaji wa viungo uwe sehemu ya huduma za afya, hata wakati wa dharura. Mkimbizi hakuachwa nje ya azimio hilo.

Nanyi ndugu zangu, wa kambini na wa mjini, msiikatae video kwa hasira. Ila ukipewa namba ya kupigiwa kabla mkono wako haujaguswa, uliza: nani atauona, siku gani, wapi? Jibu waliandike kwenye karatasi yako kabla hujatoka mlangoni.