Simu Mpya Kila Mavuno?

Mavuno ya mpunga yamalizikapo katika Bonde la Kilombero, maduka ya simu mjini Ifakara hujaa wanunuzi. Hatumlaumu mkulima, wala mfanyakazi wa kiwanda cha sukari, kwa kutaka simu njema; tangu M-Pesa ilipoanza nchini mwaka 2008, simu imekuwa mkoba wake wa fedha. Twauliza tu: ile ya zamani ina ubaya gani?

Mara nyingi ubaya ni betri. Betri ya lithiamu hupungua nguvu ikisha kuchajiwa mara 500 hivi, na fundi aweza kuibadili kwa sehemu ndogo ya bei ya simu mpya. Kioo kilichopasuka nacho ni kazi ya fundi. Lakini simu isiyopokea tena masahihisho ya usalama kutoka kwa mtengenezaji ni hatari kwa mwenye kutunza fedha humo. Hiyo na iachwe, hata kama yang'aa.

Anunuaye na aulize kwanza itahudumiwa miaka mingapi. Ajihadhari pia na bandia: Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizifungia, zikanyamaza mikononi mwa wenyewe.

Kwa maoni yetu, miaka minne si mingi kwa simu iliyotunzwa. Auzaye mpunga ungali shambani ili apate simu ya mwaka huu, atapanda nini masika yajayo?